Kitabu Nilichokunywa

Kama umeanza kukohoa na watu wa nyumbani wamekutengea kikombe, haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa wa kifua unatoka wapi wala unaingiaje. Hayo mwulize daktari, ndiyo kazi yake. Mimi nitakueleza habari ya benchi, kwa sababu utakaa sana kwenye benchi. Nililikalia moja la mbao, nje ya chumba cha sindano pale Isiolo, asubuhi sitini. Nilijua kila msumari wake. Na kila asubuhi nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukasirika kunizidi mimi.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikaacha kazi ili nitafsiri kitabu kimoja cha falsafa kwa Kiswahili. Kiliandikwa Ulaya zamani na mtu aliyetaka kujua binadamu anawezaje kuwa na hakika ya jambo lolote. Nilikipata Nairobi kwenye rundo la vitabu vikuukuu nilipokuwa nasomea ualimu, nikakisoma siku tatu bila kula vizuri. Nikaona aibu kwamba mambo haya hayajawahi kusemwa kwa lugha ambayo Mborana na Mmeru wanapatana kwayo bei ya mbuzi. Hakuna aliyenituma. Wasomi wa chuo niliowaandikia waliuliza mimi ni wa idara gani. Mchapishaji mmoja alijibu kwamba wasomaji wa kitu kama hicho hawapo, na mpaka leo sijapata jibu la kumrudishia.

Basi nikakaa Chechelesi, mtaa wa hapo Isiolo, kwenye nyumba yangu ya mabati, nikaendelea miaka tisa. Asubuhi naandika. Alasiri naenda soko la mifugo kutafuta maneno, maana kamusi zilikuwa zimeshaniishia. Nilikuwa nikimshika mfugaji mkono namwuliza: ukiona vumbi mbali, na hujui kama ni ng'ombe wako au ni upepo tu, hiyo hali unaiitaje? Wengine walinijibu vizuri sana. Wengine walimwambia mwenzao kwa Kiborana, wakidhani sisikii, kwamba huyu mwalimu akili zimemruka. Neno nikilipata naliandika kwa kalamu ya wino wa buluu, kwenye karatasi za fulskapu, mkono wangu mzuri wa ualimu. Nakala ilikuwa moja. Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitatafuta mtu mwenye taipu.

Mama yangu hakujua kusoma. Alikuwa amehama Merti baada ya mifugo yake kuisha kwa ukame, akaja kukaa nasi, mimi na mke wangu na watoto, na kila akipita mlangoni ananikuta nimeinamia karatasi. Siku moja, mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, akaniuliza, "Guyo, hii unaandika ni nini?" Nilikuwa katikati ya sentensi iliyonisumbua wiki nzima. Ningemweleza nini? Nikamwambia, "Ni elimu ya kumjua Mungu, Ayyo." Alishika kifua, akarudi nyuma kimyakimya, na tangu siku hiyo watoto hawakuruhusiwa kupiga kelele karibu na mlango wangu. Uongo ule ulinifaa sana. Niliutumia miaka tisa.

Kikohozi kilianza kiangazi kimoja mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilisema ni vumbi. Suruali zikaanza kuanguka kiunoni, nikasema ni kazi nyingi. Jasho la usiku nililisingizia mabati. Siku niliyotema damu kwenye leso, mke wangu Halima aliiona kabla sijaikunja. Kesho yake nikakuta kikombe changu cha bati kimefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake wa kushikia, kimewekwa kando ya vingine, juu ya gunia. Kikombe hicho kiliniuma kuliko kifua, nakwambia kweli.

"Ni kwa sababu ya watoto," Halima akasema.

"Najua ni kwa sababu ya watoto."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

Wiki hiyo hiyo alipanda lori la Merti na watoto wetu wawili, kwenda kwa kaka yake. Alisema mpaka nipate nafuu. Nilimtukana mpaka lori likaondoka, na watoto walikuwa wanasikia. Siwezi kusema alikosea. Lakini nilimchukia kwa mwaka mzima, na wewe usishangae ukijikuta unamchukia mtu anayefanya jambo la akili.

Daktari alitazama eksrei dirishani, akaniambia nitahamia kwenye vibanda. Wakati ule wagonjwa wa kifua, hasa wafugaji ambao makwao ni mbali, walijengewa vibanda vya miti na maturubai kando ya hospitali, wakae hapo mpaka sindano ziishe, maana ukimwacha mtu arudi kwa ng'ombe hutamwona tena. Mimi kwangu palikuwa karibu, lakini nyumba ilikuwa na mama na wapangaji, na kati yetu ukuta mmoja tu, kwa hiyo nikapelekwa huko. Nilitaka kwenda na kazi yangu. Nikavitazama vile vibanda: turubai linavuja, kuna moto katikati, wanaume wanne tunakohoa kwa zamu. Nikaona hapana. Niliacha sanduku la karatasi nyumbani, chini ya kitanda, nikampa mama ufunguo. Nikamwambia, "Ayyo, mimi nikifa nife. Hii isiguswe na mtu."

Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya ushungi wake. Akasema, "Haitaguswa na mtu."

Sasa habari ya sindano. Inadungwa kwenye tako, kila siku, na ikifika ya ishirini hakuna mahali pa kukalia. Vidonge ni vikubwa na vinapanda tena kooni. Muuguzi wetu, sista Nkatha kutoka Meru, alikuwa na huruma moja ambayo hakuwahi kuisema: kabla ya kukudunga alikuwa anakuuliza swali lisilohusu ugonjwa. Mimi aliniuliza, "Mwalimu, ati falsafa inakuwanga nini?" Nikianza kueleza, anadunga. Alinifanyia hivyo karibu kila siku na kila siku nilinaswa. Siku nilipogundua nilimkasirikia, halafu siku iliyofuata nikaanza kueleza tena.

Kwenye sindano ya thelathini hivi masikio yakaanza kulia. Mlio mwembamba, usiokatika, mchana na usiku. Halafu nikaanza kupepesuka. Natoka benchi kwenda mlangoni, hatua sita, nashika ukuta. Mzee mmoja kibandani akasema mwalimu amelewa kwa sindano, wakacheka, na mimi nikacheka kwa kukosa la kufanya. Daktari alisema dawa hii huwa inachukua masikio kidogo, akapunguza kipimo, akaniambia nichague kati ya kifua na masikio. Nilichagua kifua. Sikio la kulia halikurudi mpaka leo.

Mama alikuja kila alfajiri na uji kwenye sufuria. Siku moja akaniona napepesuka. Siku iliyofuata alikuja na uji na pia chupa ya chai, na ndani ya chupa hakukuwa na chai. Alinimiminia kwenye kile kikombe cha kitambaa chekundu, kibandani bado giza.

"Kunywa. Ni maji ya dua."

Yalikuwa na asali, na chini ya asali kulikuwa na ladha ya chuma. Kwetu mtoto akiumwa, mwalimu wa madrasa huandika aya kwenye ubao kwa wino wa masizi, ubao ukaoshwa, na yale maji yakanywewa. Nililelewa hivyo. Nilikuwa siamini tena, lakini nilikuwa mtu mzima wa kilo arobaini na kitu ambaye mke amemkimbia, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado ananigusa kwa mkono mtupu. Nikanywa. Nilikunywa kila alfajiri, majuma matatu hivi, na mvua ya ganna, masika yetu, ikaja nikiwa bado nakunywa.

Siku ya kupima makohozi nilimpelekea sista Nkatha kopo langu. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Mwalimu, umekula nini?"

"Uji."

"Uji gani ni wa buluu? Toa ulimi."

Nikatoa ulimi. Akamwita mwenzake aje aone. Wakanitazama wote wawili mdomoni, na mimi nimesimama hapo nimetoa ulimi mbele ya benchi zima la watu. Mwenzake akasema, "Hii si ugonjwa. Hii ni wino."

Sikusubiri kudungwa. Nilitembea kutoka hospitali mpaka Chechelesi nikishika kuta na vibao vya maduka, nakohoa, watu wananipisha. Sanduku lilikuwa pale pale chini ya kitanda. Limefungwa. Nililivunja kwa nyundo, maana ufunguo alikuwa nao mama. Karatasi zangu zilikuwepo zote, zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Zilikuwa zimejikunja kidogo pembeni kama nguo iliyoanikwa, na hazikuwa na kitu. Kivuli cha buluu tu, na hapa na pale mkwaruzo wa kalamu. Nilifunua moja moja. Sura ya kwanza. Ya pili. Mpaka katikati ya sura ya nane, ndipo maneno yakaanza, katikati ya aya, na kutoka hapo mpaka mwisho yalikuwa salama. Alikuwa bado hajafika.

Mama aliponikuta nimekaa sakafuni alikuwa na chupa yake mkononi. Nilimpigia kelele mambo ambayo mtu hamwambii mzazi, na sitayaandika. Nilimwuliza kama anajua amefanya nini. Nilimwambia ni miaka tisa. Alisikiliza mpaka kikohozi kikanikata.

"Si ulisema ni elimu ya kumjua Mungu?"

Ningesema nini? Kwamba si elimu ya Mungu? Basi nilimdanganya miaka tisa, na watoto wamekatazwa kucheza kwa ajili ya uongo. Kwamba ni kweli ni ya Mungu? Basi amefanya sawa kabisa, kama mama yeyote wa kwetu. Nikainama nikaanza kukusanya karatasi. Yeye akanisaidia kukusanya.

Nilirudi kwenye benchi, na asubuhi zilizobaki nilikunywa uji peke yake. Sitakueleza kwamba nilijifunza subira. Niliendelea kudungwa kwa sababu sista Nkatha alikuja kunitafuta kibandani, akaniambia, "Kitabu kimeisha, sawa. Wewe nawe unataka kuisha?" Sindano zikaisha, vikabaki vidonge. Mvua ya hagaya, ile ya vuli, iliponyesha nilikuwa nyumbani, na ilipofika ganna ya pili daktari akasema makohozi ni safi. Halima alirudi na watoto. Tulisalimiana kama wageni, na baadaye tukazoeana upya, si kama zamani. Kitambaa chekundu kilikaa mkononi mwa kikombe muda mrefu hata baada ya hapo, mpaka nilipokikata mwenyewe kwa kisu.

Lakini mtaani habari ilikuwa nyingine. Watu waliniona nikichukuliwa nimekwisha, na sasa wananiona natembea. Hakuna aliyesema sindano. Walisema maji ya mama Guyo. Wakaanza kuja. Mwanamke ana mgongo, mzee ana macho, msichana hapati mimba, wote wanataka karatasi moja tu ya mwalimu. Mimi niliyeambiwa kwamba wasomaji hawapo, nilikuwa na watu mlangoni kila Ijumaa baada ya swala, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusoma. Nilinunua kufuli kubwa, nikawafukuza kwa maneno makali. Mama alikuwa anakaa kwenye mkeka, hasemi ndiyo, hasemi hapana. Na mimi sikumkana mbele yao hata siku moja. Niliwaambia karatasi zimeisha. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na huu ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu niliupenda kidogo. Miaka tisa hakuna aliyeyahitaji maneno yangu, na sasa yanahitajiwa.

Kisha akaja mwanamke kutoka Sericho. Alikuwa amempakata binti yake wa miaka kumi hivi, mkubwa wa kupakatwa, na yule mtoto alikohoa mara moja tu mlangoni nikajua. Kikohozi kile ukikiishi unakijua popote.

"Amepimwa?" nikamwuliza.

"Amepimwa. Wamemdunga wiki tatu pale kwa vibanda. Anaanguka-anguka. Nikasikia habari ya hapa, nikamtoa jana."

"Umemtoa?"

"Nimemtoa. Nipe hiyo karatasi, mwalimu, niende nyumbani. Lori ya Sericho inatoka saa nane."

Nilimwambia karatasi zimeisha. Akasema atasubiri niandike nyingine. Nikamwambia zile hazikuwa na nguvu yoyote. Akatabasamu, akaniambia watu wakubwa huwa wanasema hivyo. Akakaa chini kabisa, na mtoto akalala mapajani mwake mdomo wazi. Saa nane haikuwa mbali. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikiendelea kuchagua maneno, yule mtoto atakufa njiani au Sericho, na atakufa kwa sababu yangu.

Nikamgeukia mama. Nilisema kwa sauti, maana mtu asiyesikia vizuri hajui sauti yake. "Ayyo, nilikudanganya. Kile kitabu hakikuwa cha Mungu. Hakina aya hata moja. Ni maneno ya mzungu aliyekufa, na mimi nilitaka tu uniache niandike. Mwambie huyu mama. Mimi hanisikii. Mwambie hukunitibu kwa chochote."

Nilidhani nitamwona akivunjika. Alijifunga ushungi taratibu, akamtazama yule mtoto, halafu yule mwanamke.

"Mrudishe kwa sindano," akasema. "Mwanangu alidungwa siku sitini, yeye. Mimi yale maji sikumpa ili apone."

Mwanamke akauliza, "Ulimpa ya nini, basi?"

Mama akasogea upande wangu wa kushoto, kwenye sikio lililobaki, akasema kwa nguvu mpaka jirani wakasikia. "Nilijua si ya Mungu. Mwaka ule ule nilimpelekea mwalimu wa madrasa karatasi moja, akanisomea. Akasema hapa hakuna Mungu, hapa kuna mtu anauliza maswali tu. Nikairudisha, nikanyamaza, kwa sababu wewe ni mwanangu na ulikuwa na furaha. Hiyo kitu ikakula kazi yako. Ikakula bibi yako. Ikafika kifuani. Nikasema, wacha na yeye aimeze, iishe."

Nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Kama ulitaka iishe, mbona hukuichoma? Mbona ulizianika moja moja ukazirudisha?"

"Nilifikiri ukipona utataka kuandika kitu kingine."

Tulimpeleka yule mtoto hospitali mchana ule, mama akiwa mbele na mimi nyuma nikishika ukuta. Sista Nkatha alimwuliza ngamia wao wana majina gani, na alipoanza kuyataja, akadunga. Mama yangu alikwenda na yule mtoto kwenye benchi kila asubuhi mpaka sindano zake zikaisha. Kama alimaliza vidonge sijui, Sericho ni mbali.

Mama amefariki, na sijamsamehe. Nimejaribu. Nusu ya pili ya kitabu bado ninayo, inaanza katikati ya aya, na nusu ya kwanza sikuweza kuiandika tena, maana mtu aliyeyapata yale maneno pale sokoni alikuwa na masikio mawili. Zile karatasi zilizooshwa zilikaa sandukuni miaka, sikutaka hata kuzigusa. Mwezi uliopita nilizitoa. Zinashika wino vizuri tu. Haya unayoyasoma nimeyaandika juu yake, na nimebakiwa na nyingi.